Chembe Zilizovaa Sare

Mara ya kwanza kumwona Mwalimu alikuwa anamtoa mtu darasani kwa sababu ya soksi. Ilikuwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, mwaka 2012, miezi ya mwisho kabla kambi haijafungwa, na darasa lenyewe wala halikuwa darasa. Lilikuwa kanisa la matofali ya udongo lenye mabenchi ya magogo, ambamo yeye alikuja kila Jumamosi kwa baiskeli kutoka Kasulu kuwafundisha fizikia vijana wa Kirundi, kwa kujitolea tu. Vijana walivaa walichokuwa nacho: koti la baba, kanga ya mama, fulana ya mgombea wa uchaguzi uliopita. Hayo hayakumsumbua. Lakini soksi, kwa mwenye nazo, lazima zifanane. Msichana mmoja mrefu aitwaye Esperansi alikuwa amevaa moja nyeupe na moja ya bluu, na Mwalimu akamwonyesha mlango kwa kipande cha chaki.

Mimi nilikuwa nimekuja kukagua vyoo. Bibi Afya mpya kutoka Tanga, sijazoea hata baridi ya huko juu, nikasimama mlangoni nikijisemea kwamba mtu huyu kichwani hamko sawa. Esperansi alinipita akicheka, akaenda kukaa nje chini ya dirisha, akaendelea kunakili yaliyokuwa yanasemwa ndani. Mwalimu alimwona. Akasogea karibu na dirisha, akapandisha sauti, na kipindi chote kilichobaki akakifundisha akiwa amewapa ubavu waliokaa kwenye mabenchi.

Ukiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, ningekusimulia hilo dirisha kisha ningenyamaza. Lakini naona halitoshi.

Kasulu nzima ilimwita Mwalimu wa Nidhamu. Kazi hiyo aliishika kwenye sekondari moja ya mjini kwa muda mrefu hata watu wakasahau kwamba somo lake lilikuwa fizikia. Asubuhi alisimama getini, mikono nyuma, shati la kaki lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, akikagua kola, viatu, vifungo na hizo soksi. Hata mkewe alimwita Mwalimu. Nilipopanga chumba uani kwao nilijaribu siku moja kumwita baba, kwa heshima tu, akanitazama kama niliyekosea namba ya simu. Tangu hapo na mimi nikamwita Mwalimu, naye akaniita Bibi Afya.

Sasa mtu huyohuyo, aliyeweza kumrudisha mtoto nyumbani kwa ajili ya kifungo, akiingia sebuleni kwake alikuwa mtu mwingine. Pembeni mwa kabati la vyombo palikuwa na kompyuta ya mezani, kuukuu, imevuliwa bati la ubavuni ili ipumue, na feni inaipulizia humo tumboni. Alikuwa anajifundisha kutengeneza katuni za kompyuta. Alianza, alivyoniambia, kwa sababu alichoka kuchora chembe za moshi ubaoni. Chembe ubaoni hazitembei, na mwanafunzi asiyeziona zikitembea anakariri tu. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani akamletea programu ya bure, na Mwalimu akazama humo jumla.

Alinieleza mambo yale mara nyingi mpaka nikayashika, na nitayasema kwa kifupi kwa sababu yanahusika. Ndani ya programu unaweka kitu ambacho yeye alikiita bomba. Bomba linamwaga chembe: za moshi, za mvua, za vumbi, utakavyo. Lakini kila chembe ni nakala ya kitu kimoja cha mfano ulichokitengeneza wewe. Ukikipaka kile cha mfano rangi nyekundu, chembe zote zinakuwa nyekundu. Ukikifanya king'ae, zote zinang'aa. Hiyo ndiyo njia rahisi, na Mwalimu alikuwa anaichukia.

"Hii ni sare," alikuwa akisema, akigonga kioo kwa ukucha. "Dunia haina sare. Sare ni ya shule tu."

Nikamwambia basi asiwasumbue watoto wa watu getini. Akajibu kwamba shule ni mahali ambapo mtoto wa mkulima na mtoto wa mkurugenzi lazima wasitofautiane mpaka wafungue midomo. Alikuwa na ugonjwa huo wa kukujibu ukakosa la kusema, halafu kesho yake yeye mwenyewe anafanya kinyume.

Njia ngumu ilikuwa kuzipa chembe ngozi tofauti. Neno ngozi ni lake. Kila kitu cha mfano kina ngozi, na ngozi ndiyo inayoamua mwanga ukifika pale utafanywa nini: utamezwa, utarudishwa, au utapitishwa uende zake. Unatengeneza vitu vya mfano kadhaa, kila kimoja na ngozi yake, unaviweka kundi moja, halafu unaliamuru bomba lichague humo. Au unaweka bomba zaidi ya moja. Au, na hapa macho yalikuwa yanamng'aa, unaiamuru ngozi ibadilike kadiri chembe inavyozeeka, kama cheche inayotoka ikiwa nyeupe, inakuwa nyekundu, inaanguka ikiwa majivu.

Kwa ajili ya mambo hayo alikuwa haendi sokoni kama watu wengine. Alikuwa akichuchumaa mbele ya marundo ya maharage, na maharage ya Kasulu unayajua, ya njano, mekundu, ya madoa, meusi ya zambarau, yote kwenye turubai moja, akiokota moja moja na kuliinua juani. Mama muuzaji akamwuliza siku moja, mimi nikiwepo, "Mwalimu, uragura cangwa unachumbia?" Maana yake, unanunua au unachumbia. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akanigeukia.

"Bibi Afya, hili na hili, tofauti yake nini?"

"Rangi."

"Rangi ni jina tu. Nimekuuliza ngozi."

Nikatazama tena. La njano lilikuwa na mng'ao wa mafuta, lenye madoa lilikuwa kavu kama kisigino, na jekundu la msimu uliopita lilikuwa limefifia huku lile jipya likirudisha jua. Nikamwambia hivyo. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akanunua maharage mengi kuliko alivyotumwa, ili mama yule asimchukie.

Sitanii nikisema kwamba cheti cha kazi nilipewa chuoni lakini jicho la kazi nililipata pale kwa Mwalimu. Kabla yake nilikuwa nikiingia kwenye mgahawa nakagua kwa kufuata nilichofundishwa. Baada yake nilikuwa nashika kikombe na kukiinamisha kwenye mwanga, naona utando wa mafuta ambao macho ya kawaida yanaupita. Nikitazama maji ndani ya ndoo, nilikuwa naona yanavyoshika mwanga, na nikajua yametoka wapi kabla sijauliza. Wenye migahawa walininunia sana. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Nyumbani kazi yake ile iliitwa kupika. Kompyuta ikishaelezwa kila kitu lazima ikae izipike picha, moja baada ya nyingine, na mashine yenyewe ilikuwa inajikokota. Mwalimu akianza kupika, uani kote hakuna kuwasha pasi wala heta, maana umeme wa nyumba ile ulikuwa mwepesi kukatika. Mkewe alikuwa akisimama mlangoni na mwiko wake akiniambia kwa sauti ya kusikika ndani, "Wanaume wengine wanapika hata uji, dada. Wa kwangu anapika vumbi." Na Mwalimu ndani anajifanya hasikii.

Lakini asubuhi moja ya Idi nilisimama na gauni langu mkononi na pasi baridi. Nilikuwa mbali na kwetu, sina ndugu Kasulu nzima, na nguo ya kwendea msikitini imekunjamana. Yeye akaniona kupitia dirisha. Nikasikia feni inazimwa, mashine inazimwa, kazi ya siku nzima imekatizwa katikati. Akatoka nje akasema, "Piga pasi. Vumbi litangoja." Yeye ni mlokole, tena wa kukesha, na wala hakuniambia Idi njema, sidhani kama alijua kwamba husemwa.

Vumbi lenyewe lilikuwa la Mtabila. Kambi ilipofungwa na watu kupandishwa malori kurudi Burundi, Jumamosi iliyofuata Mwalimu alitoa baiskeli yake kama kawaida, chaki mfukoni, akaenda. Nilidhani amechanganyikiwa. Alirudi mapema, akasema tu, "Kanisa wameshaliezua," akaingia ndani. Baada ya hapo ndipo alipoanza ile kazi ambayo sikuwahi kumwona akiimaliza: barabara ile nyekundu, lori linapita, na vumbi nyuma yake. Alisema vumbi la siku ile halikuwa la aina moja. Humo kulikuwa na udongo, kulikuwa na majivu ya vibanda vilivyochomwa, kulikuwa na unga wa muhogo uliomwagika kwenye magunia yaliyochanika. Kila moja na ngozi yake. Alipika, akatazama, akafuta, akaanza upya. Mwaka ukapita, na mwingine. Kazi nyingine zilikuja, tangazo la harusi la mtu, jina la kwaya linalozunguka, akazifanya haraka akarudi kwenye vumbi lake. Nilimwuliza anataka nini hasa. Akasema anataka mtu aliyekuwa ndani ya lori lile akiliona vumbi aseme ndilo.

Kwa hiyo ninaposema kwamba mtu huyu, kati ya watu wote, ndiye aliyekuja kufanya kosa la sare, nataka ujue halikuwa kosa la mtu asiyejua.

Mwaka 2015 Warundi wakaanza kuvuka mpaka tena. Kambi ya Nduta ikafunguliwa upya, nami nikahamishiwa Kibondo, kazi yangu elimu ya afya kambini. Mvua zilikuwa zimeanza. Watu walikuwa wanalala kwenye mahema makubwa, familia na familia, na maji yalikuwa kwenye matangi, yametiwa dawa. Maji yale yalikuwa na harufu. Wengi hawakuipenda, na bondeni kulikuwa na kijito kisicho na harufu yoyote, kinapita chini ya mahali ambapo watu wengi kupita kiasi walikuwa wanajisaidia. Watoto wakaanza kuharisha.

Nikampigia Mwalimu. Nilitaka filamu fupi isiyo na maneno, maana pale palikuwa na Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na mwenye kuelewa vyote ni mmojammoja. Ionyeshe tu: maji machafu yana nini ndani, dawa inaingia, nini kinatokea, mtoto anakunywa. Akakubali palepale. Muda ulikuwa mfupi na chembe zilikuwa nyingi, na ngozi tofauti zingechelewesha kupika. Basi akaweka mabomba matatu, la uchafu, la vijidudu na la dawa, lakini yote yakachukua kitu kimoja cha mfano, kijimpira cheupe. Aliniambia mwenyewe kwenye simu, bila wasiwasi: "Hii ni ya kuelimisha, Bibi Afya, si ya kujionyesha. Na kwenye fizikia chembe ni chembe." Na mimi nikaona sawa.

Tukaionyesha kwenye hema moja kubwa, mchana, tumeziba mwanga kwa maturubai. Watu walijaa. Vijimpira vyeupe vilikuwa vinaelea ndani ya maji. Kijiko kikaja, kikamwaga vijimpira vyeupe vingine. Vikachanganyika, vingine vikazama, vingine vikabaki. Mtoto akanyanyua kikombe akanywa. Hema likakaa kimya sana, nikafikiri wameguswa.

Asubuhi yake kwenye matangi hapakuwa na foleni. Nilisimama pale kwenye matope natazama mstari wa ndoo na madumu ukishuka bondeni, akina mama, vijana, wazee, wote wananipita na salamu za adabu. Mzee mmoja aliyewahi kuishi Kongo ndiye aliyenihurumia akaniambia, kwa Kiswahili cha huko ambacho "njo" ni "ndiyo". "Banasema ile dawa njo bugonjwa yenyewe, madame. Tumeiona na macho. Munaimwanga ndani ya maji, na mutoto anakunywa."

Nilikaa juu ya jiwe. Nakumbuka nilitaka kulia, halafu nikakasirika, halafu vyote viwili. Hapo ndipo mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni akasimama mbele yangu akasema, "Bibi Afya wa vyoo." Alikuwa Esperansi.

Alikuwa na watoto wawili. Yule mdogo alikuwa mgongoni, mzima, amelala. Mkubwa alikuwa kwenye hema la wagonjwa tangu juzi, amelegea, anaharisha. Aliniuliza nani aliyetengeneza ile sinema. Nilipomwambia, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo.

"Nilijua. Zote zimevaa sare."

Nikamwuliza kama anamwamini Mwalimu.

"Mwalimu namjua. Hawezi kutuwekea sumu." Akampandisha mtoto vizuri mgongoni. "Lakini macho yangu yameona ninachokiona. Nitampa huyu maji yale, akiugua kama mwenzake, nitamwambia nani? Mlete aje aniambie yeye."

"Na mpaka aje, huyu atakunywa nini?"

"Ninachemsha. Kuni zikipatikana."

Kuni hazikuwa zinapatikana, na zilizopatikana zilikuwa mbichi. Mimi na yeye tulijua hilo.

Nikapanda pale ambapo mtandao unashika nikapiga simu. Nilimweleza Mwalimu yote, na sikumpunguzia. Akaanza kujitetea, kwamba watu wangeelezwa, kwamba kitabuni ndivyo zilivyo. Nikamwambia aliyesema kwamba chembe zimevaa sare ni Esperansi, yule wa soksi. Akaacha kujitetea.

"Yuko hai?" akauliza.

"Yupo. Ana watoto wawili, mkubwa mgonjwa."

"Nakuja."

Alikuja na basi la Kasulu, mashine ameipakata imeviringishwa kwenye blanketi la kitandani kwake, feni mkononi, shati la kaki limelowa matope ya kusukuma basi lililokwama. Tukampa meza kwenye ofisi yetu Kibondo, ambako jenereta ya friji la chanjo ilikuwa inawashwa mchana. Lakini hakugusa mashine. Aliomba kwanza apelekwe Nduta.

Yeye na Esperansi walisalimiana kwa Kiha chake na Kirundi cha Esperansi, lugha zinazoelewana bila mkalimani, na nilichokisikia mimi ni "amahoro, amahoro" tu, yaani amani. Kisha akakaa chini, juu ya dumu lililolazwa, yeye na akina mama wa hema lile, akawauliza kwa Kiswahili ili na mimi nisikie. Kijidudu ukikifikiria, kina ngozi gani?

Wakatazamana. Mmoja akasema kama ute wa konokono. Mwingine akasema hapana, kama jicho la chura. Wakaanza kucheka, wakabishana, kila mmoja na uchafu wake, na yeye anasikiliza kama alivyokuwa akiyakagua maharage. Uchafu wa udongo waliujua, hakuna aliyebisha: mkavu, mzito, unakwaruza. Dawa je? Dawa hawakuwahi kuiona, waliinusa tu.

"Kitabuni ni chembe kama nyingine," Mwalimu akaanza.

"Mwalimu," Esperansi akamkata, kwa upole, "sisi hatuko kitabuni."

Mkono wa Mwalimu ukapanda kwenye kola yake mwenyewe ukainyoosha. Nilimjua kwa miaka, nilikuwa sijawahi kuona mtu akimkata kauli, na nilikuwa sijawahi kumwona ameridhika vile.

"Na hicho kijidudu," Esperansi akaendelea, "kikishauawa kinakwenda wapi? Kwenye sinema kimebaki. Mtoto anakunywa maiti?"

"Kinabaki, lakini hakina nguvu tena. Kama majivu."

"Basi nionyeshe kinavyokuwa majivu. Na hii harufu, ni ya nini?"

"Ni dawa iliyobaki. Imebaki kulinda, kama kijidudu kingine kitaingia kwenye ndoo."

"Hiyo nayo nionyeshe."

Alirudi Kibondo akapika. Uchafu akaupa ngozi ya udongo wa barabara ya Mtabila. Alikuwa nayo tayari, ameihangaikia miaka mitatu, na ilikuwa kamili. Vijidudu akavipa ule ute, kijani cha maji yaliyolala, vinang'aa kwa namna ambayo ilinifanya nifute mikono. Dawa akaipa ngozi inayopitisha mwanga, ya bluu kwa mbali, na katika hizo chembe kila moja ilikuwa na nukta ya nuru juu yake. Halafu akafanya lile alilokuwa akinisimulia sebuleni: akaziamuru ngozi za vijidudu zibadilike kwa umri. Dawa ikikigusa, ute unakauka, kijani kinafifia, kinakuwa kijivu, kinazama na udongo chini.

Kazi hiyo haikuharakishika. Jenereta ilizimwa, ikawashwa, mashine ikachemka, mimi nikaipepea kwa jalada la faili feni ilipogoma. Kila picha iliyoiva nilikuwa naona ndoo nyingine ikishuka bondeni, na nilimsema Mwalimu bila haya. Nikamwambia apunguze chembe. Nikamwambia kijani kimetosha. Akasema kwa sauti ileile ya getini, "Niliharakisha mara moja, Bibi Afya." Kila nilipokwenda kambini nilibeba chupa ya chai yenye maji yaliyochemshwa ofisini nikampa Esperansi kwa ajili ya yule mdogo, na nilipita hema la wagonjwa kumtazama mkubwa. Alikuwa anaanza kupata nguvu.

Siku tuliyoonyesha filamu ya pili, mtoto yule mkubwa alikuwa ameruhusiwa kutoka. Mama yake alikuja naye, mwembamba, amevalishwa nguo za msaada kutoka kwenye marobota kwa sababu ya baridi ya mvua, sweta kubwa na soksi. Wakakaa mbele. Watu walikuja wachache kuliko mara ya kwanza, na waliokuja walikaa karibu na mlango.

Mwalimu hakutazama filamu yake. Alisimama kando ya turubai amewageukia watu, kama getini, mikono nyuma, na mwanga wa picha ukawa unapita kwenye nyuso zao. Nikaziona alizokuwa anaziona. Ule ute wa kijani ulipotokea, mama mmoja aliguna na kumvuta mwanawe. Chembe za bluu zilipomwagika, shingo zilirefuka. Kijani kilipoanza kukauka, mtu nyuma akasema kitu kwa Kirundi, na mwingine akajibu, na hema zima likawa linaelezana. Mwishoni maji yalitulia, na chembe chache za bluu zikabaki zimesimama ndani yake, zinashika mwanga. "Ndiyo ile harufu," akasema yule mzee wa Kongo kwa wenzake, kama kwamba yeye ndiye aliyeigundua.

Esperansi alitoka na mtoto wake. Tulimfuata, Mwalimu na mimi, mpaka kwenye tangi. Hakukuwa na foleni bado. Alifungua bomba, akasuuza kikombe cha plastiki, akakijaza, akakiinua juu kwenye mwanga wa mawingu, akakiinamisha, akayatazama maji kwa muda. Nilijua mkono ule umefundishwa na nani. Nyuma yetu niliwasikia watu wanakuja, madumu yanagongana.

"Sasa nimeziona," alimwambia Mwalimu. "Kila moja na yake."

Akachuchumaa akampa mtoto mkubwa kikombe. Mtoto akanusa, akakunja uso, akamtazama mama yake. Na hapo ndipo mimi nilipoziona soksi zake. Moja ilikuwa ya kijani, imevutwa mpaka gotini. Ya pili ilikuwa ya mistari, ya mtu mkubwa, imemwagika yote juu ya kiatu. Esperansi naye aliona nilichokitazama, akamgeukia Mwalimu, na nikaona tabasamu la msichana aliyepita mbele yangu kwenye mlango wa kanisa.

Mwalimu wa Nidhamu alizitazama soksi zile. Akapiga goti kwenye matope na suruali yake ya mikunjo, akaishika ile ya mistari kwa vidole viwili, akaipandisha taratibu mpaka ikalingana na mwenzake, akaikunja ukingo isishuke tena. Kisha akamwangalia mtoto usoni.

"Umependeza," akamwambia. "Kunywa maji."